Wokovu na Ukombozi Chini ya Mlima Meru

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo mwanafunzi huyadhania kuwa pacha, ilhali hayakuzaliwa na mama mmoja. La kwanza ni wokovu, la pili ni ukombozi. Makanisani hutamkwa pamoja, na Mwokozi na Mkombozi huwa ni yule yule. Lakini mshairi, ambaye hana budi kulipima neno kabla ya kulitia katika ubeti, hawezi kuyachanganya.

Kuokoa ni kauli ya kutendua. Kama kuchomoa kulivyotokana na kuchoma, ndivyo kuokoa kulivyotokana na kuoka: aokaye hukiweka kitu motoni, naye aokoaye hukitoa kisiungue. Kiokolewacho hakifanyi lolote. Hungoja mkono wa mwingine. Kukomboa ni jambo la namna nyingine kabisa, nalo lahitaji fedha. Mtu aliyeweka rehani shamba au kidani hukikomboa kwa kulipa deni, na zamani mtumwa alikombolewa kwa thamani iliyotajwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa kwa maana hiyo hasa, yaani waliwanunua wakawaweka huru. Kwa watu wale neno ukombozi lilihesabika kwa fedha kabla halijahesabika kwa sala.

Nayataja hayo kwa sababu katika madarasa yetu imezoeleka kuuliza swali moja tu juu ya kila wimbo, utenzi au mchezo wenye mambo ya dini: je, wokovu unaosemwa humu ni wa mbinguni au wa duniani? Jawabu nalo hujulikana hata kabla kitabu hakijafunguliwa. Dini, huambiwa wanafunzi, iliwaelekeza watu mbinguni ili wasione ya duniani. Kisha siasa ikawaamsha ikawarudisha chini. Naona jawabu hilo ni jepesi kupita kiasi. Mbingu na nchi zimekaa pamoja katika imani zetu muda wote. Kilichobadilika, mara kwa mara na kwa kishindo, ni mambo mengine mawili: nani alipaye, na kinacholipiwa hupokewa lini. Na sipajui mahali panapoonyesha mabadiliko hayo kwa uwazi zaidi kuliko kuuzunguka Mlima Meru.

Tuanzie Oldonyo Sambu. Msafiri atokaye Arusha kwenda Namanga, akishaipita Ngaramtoni, huuona mlima ukigeuka. Upande wa kusini, kwenye Akeri na Nkoaranga, ni migomba na kahawa na vijito visivyokauka. Huku magharibi na kaskazini mvua ni chache, na mahindi hupandwa kwa matumaini. Wakazi wake wengi ni Waarusha na Wamaasai, na lugha yao ni moja. Katika lugha hiyo Engai ni jina la Mungu, na pia ni mbingu, na pia ni mvua. Mtu wa Oldonyo Sambu atazamaye juu mwezi wa tatu, wakati mawingu yanapokusanyika, hana haja ya kuamua kama anatazama hali ya hewa au anaomba. Neno lake limekwisha kumwamulia.

Katika imani hiyo ya zamani hapakuwa na mbingu ya kuhamia baada ya kufa. Baraka ya Engai ilikuwa ni mvua, watoto, ng'ombe na amani ya boma. Mtu akifa, alichoacha ndicho kilichokuwa maisha yake ya baadaye. Aliyelipa ni jamii nzima: kondoo wa sadaka, maneno ya wazee, nyimbo za wanawake waombao uzazi. Kupokea nako kulikuwa kwa hapa hapa. Mvua iliponyesha, sala imejibiwa. Isiponyesha, walitafuta nani amekosea. Wageni wengi walioandika juu ya imani hii waliiona kuwa pungufu kwa sababu haina Pepo. Mimi naona ina sifa moja ambayo tenzi zetu nyingi zimeikosa: haimwahidi mtu kitu ambacho hawezi kukishika.

Pwani mambo yalikuwa mengine tangu kale. Mwana Kupona, katika utenzi aliomwachia bintiye karne ya 19, aliyafunga mambo ya nyumbani na mambo ya akhera kwa fundo moja, hata radhi ya mume ikawa sehemu ya njia ya Peponi. Inkishafi yasimama upande wa pili, ikiyatazama majumba yaliyobomoka ya Pate na kuionya nafsi isiitegemee dunia. Lakini hata huko, akhera haielezwi bila taa, mazulia na vyombo vya dunia. Mshairi hana vifaa vingine.

Mbingu ya Kikristo ilipofika Meru ilifika vibaya. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamishenari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri pamoja na wenzao Wachaga, muda mfupi tu baada ya kupiga hema. Waliowaua hawakuyakataa mafundisho yao, kwa kuwa hawakupata kuyasikia; waliona hema za watu weupe, wakaona dola nyuma yake. Nayo dola ikaja kweli, ikaadhibu kwa bunduki, ikachoma na kuteka mifugo. Misheni ilirudi ikaanzisha kituo Nkoaranga mwaka 1902 na kingine Ilboru, kwa Waarusha, mwaka 1904. Basi watu walifundishwa juu ya Mungu wa upendo na wale wale waliofuatana na adhabu, na hilo lafaa kukumbukwa na kila afanyaye uhakiki wa nyimbo za wakati ule.

Mafundisho yenyewe yalikuwa haya: deni limekwisha kulipwa, na aliyelipa ni mmoja. Kwa mtu aliyezoea kwamba kila baraka ina kondoo wake, hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko kufufuka kwa wafu. Hakuna cha kuchinja tena! Ila kupokea kulisogezwa mbele, ng'ambo ya kaburi. Nyimbo zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani, ambazo wazee wetu waliziimba kwa sauti nne na kwa subira kubwa, zimejaa wakati ujao: tutafika, tutaona, tutapumzika. Mwalimu wa sarufi angeweza kufundisha kiambishi -ta- kwa kitabu hicho peke yake.

Lakini watu walioziimba hawakulala usingizi, na hapa ndipo jawabu la darasani linapovunjika. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo mingi ikafa. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaandika maombi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kueleza habari za watu wake. Kamati iliyosikiliza iliwaunga mkono. Katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili za kura. Hata hivyo kesi ile ilisikika nchi nzima, na baadaye ardhi ikarudi.

Nauliza: watu wale walikuwa wa mbinguni au wa duniani? Wengi wa viongozi wao walikuwa vijana wa shule za misheni. Jumapili waliimba kwamba wao ni wageni wapitao hapa duniani, na Jumatatu wakachanga shilingi kwa ajili ya shamba. Sioni kwamba walijipinga wenyewe. Kanisani walikuwa wamejifunza kwamba jambo kubwa hulipiwa, na kwamba mwenye haki huweza kushtaki mahali palipo juu ya mtawala wa wilaya. Walichobadilisha ni mlipaji. Safari hii alikuwa ni wao wenyewe. Maneno yetu mawili yalirudi kwenye maana zake za asili pale Engare Nanyuki: moto ulikuwa moto, na fidia ilikuwa fedha zilizohesabiwa mkononi.

Kuanzia hapo ukombozi ukatoka kanisani ukaenda kazini. Mwaka 1963 Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na neno lile lililotumika kwa watumwa na kwa Msalaba likatumika kwa Msumbiji, Angola na Zimbabwe. Mwaka 1967 Azimio likatangazwa Arusha, chini ya mlima huu huu, na sehemu yake ya kwanza ikaitwa Imani ya TANU. Neno imani halikuchaguliwa kwa bahati. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Mkatoliki asiyekosa misa, aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa pamoja na wanaowaonea. Hakuiondoa mbingu, ila alikataa iwe kisingizio.

Washairi wakafuata. Aliyetangulia mbele alikuwa Mathias Mnyampala, mtumishi wa serikali na mshairi wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969. Yafaa wanafunzi waelezwe kwamba mkono uliotunga Utenzi wa Enjili Takatifu, uliochapishwa mwaka 1963, ndio ulioleta ngonjera za UKUTA. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 tulizikariri ngonjera tukiwa tumesimama safu mbili, na naweza kushuhudia kwamba zilipendeza. Lakini tazama umbo lake. Upande mmoja wamo wasiojua, upande wa pili wamo wajuao. Wasiojua hubisha beti kadhaa, kisha huelewa, hukiri, na wote huimba pamoja. Huo ni mfumo wa mahubiri, tangu mwenye dhambi hadi aliyeongoka. Ngonjera iliacha mbingu nje ya mlango, lakini kiti cha mhubiri iliingia nacho ndani.

Na vina navyo vilisaidia. Neno wokovu lina mizani tatu na kina cha -vu. Anayelitumia mwishoni mwa kipande hujikuta akiita majirani zake: uovu, uvumilivu, utulivu, unyenyekevu, majivu. Ukombozi lina mizani nne, yaani nusu kamili ya kipande cha mizani nane, nalo huita kazi, viongozi, mapinduzi, wazazi, vizazi. Mshairi wa miaka ya 1970 hakuhitaji kuwa na siasa kali ili shairi lake liwe na siasa, kina kilimvuta. Akianza na wokovu, ubeti utamfundisha kuvumilia, na akianza na ukombozi, ubeti utampa jembe. (Machozi nayo yana kina cha -zi, lakini katika ngonjera nilizokariri sikumbuki kukutana nayo.)

Mahali ambapo tungo nyingi za wakati ule zimedhoofika ni kwenye jambo la lini. Zilimkebehi mhubiri aliyewaahidi watu raha baada ya kufa, kisha zikawaahidi raha kwa vizazi vijavyo. Kwa mkulima wa Oldonyo Sambu aliyetakiwa kulima shamba la kijiji kwanza na lake baadaye, tofauti ilikuwa ndogo. Mlipaji ni yeye, apokeaye ni mwingine ambaye hajazaliwa. Kiambishi kilikuwa kile kile, tutajenga, tutafika. Sisemi kwamba lengo lilikuwa baya. Nasema kwamba kama kazi ya fasihi, utungo unaoahidi bila kuonyesha hata punje moja ya kinachoahidiwa ni utungo mkavu, uwe wa padre au wa katibu wa tawi.

Linganisha na wimbo mmoja uliotungwa jirani na hapo. Katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Usa River, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watumie tuni za kwao badala ya zile za Ulaya, na kazi hiyo ilizaa kitabu Tumshangilie Mungu. Mmoja wa wanafunzi, Bernard Kyamanywa, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Ni wimbo wa mbinguni kwa habari yake, maana wasimulia kaburi tupu na malaika. Lakini hauwapeleki watu mbinguni. Wawapa furaha sasa, kisha wawatuma kwa miguu yao wakawape wengine habari. Hauna -ta- nyingi. Ulitafsiriwa, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, hata watu wa Leipzig huweza kuuimba asubuhi ya Pasaka. Miaka 70 baada ya Akeri, mlima ulikuwa na wimbo wa kuwapelekea waliowatuma Ovir na Segebrock. Kwa maoni yangu wimbo huo mfupi una uhai kuliko nusu ya ngonjera zilizowahi kusomwa mbele ya mgeni rasmi.

Wakati huo huo uamsho wa walokole, uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia kwetu kwa njia ya Bukoba, ulikuwa umebadilisha sarufi ya wokovu kimya kimya. Mlokole hasemi nitaokoka. Husema nimeokoka, na huitaja siku. Kiambishi -me- kiliirudisha mbingu ndani ya leo. Mwanzoni aliyeokoka alionekana kwa kulipa madeni na kuwaomba radhi aliowadhulumu. Baada ya miaka ya 1980, vijiji vya ujamaa vilipokwisha kulegea na maduka kuwa matupu, neno lile lile likaanza kudai ushahidi wa namna nyingine: gari, nyumba, afya. Hapo tena mlipaji akabadilika, maana muumini alitakiwa kutoa kwanza ili apate. Wapo wanaoiita dini hiyo ya kigeni. Mtu wa Engai asingeiona ngeni hata kidogo, isipokuwa angeshangaa kwamba sadaka hailiwi na wote.

Katika uhakiki wa mambo haya kitabu kinachotumika sana ni Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969. Wanafunzi hufundishwa kwamba maji ni ushirikina uliosaidia umoja. Ni kweli, lakini haitoshi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwaka 1905. Mtunzi amemtia shaka ambayo ndiyo moyo wa mchezo: mganga atambuaye kwamba watu watalipa kwa damu juu ya ahadi aliyoitoa, na ambaye mwishoni, akiwa kifungoni, akataa kuyakana maji kwa sababu kuyakana kungeua kilicho kikubwa kuliko maji. Kila mwalimu angewauliza wanafunzi wake swali la mlipaji hapo, darasa lisingesinzia.

Nasema hivyo kwa kuwa wanafunzi wa mkoa wa Arusha wameyaona maji yao. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga, akisema ameoteshwa na Mungu. Bei ilikuwa shilingi 500. Walikwenda Wakristo na Waislamu, maskini na wakubwa wa serikali, kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali. Wazee wengi walirudi wakisema wamepona. Babu, kama alivyoitwa na nchi nzima, alifariki mwaka 2021.

Tusilikimbie jambo hilo kwa kuliita ujinga. Kama matini, lina yote tuliyoyataja. Kikombe kimetoka meza ya Bwana. Mzizi umetoka kwa waganga wa kabla ya misheni. Njozi ni ya Kinjeketile. Kupokea ni kwa hapa hapa, kama mvua ya Engai. Na bei iliyowekwa chini namna ile iliwaambia watu, waliochoka kulipa hospitali na kulipa sadaka, kwamba safari hii mlipaji si wewe. Hilo ndilo lililowavuta, naamini, kuliko mti wenyewe. Gharama ya kweli haikuandikwa kwenye kikombe. Ilikuwa nauli, siku za njiani, na kwa waliokuwa wakitumia vidonge kila siku, vidonge vilivyoachwa mezani.

Utenzi wa foleni ya Samunge, ulio mzuri wa kulingana na tukio lenyewe, bado nausubiri. Habari zake zimo vichwani mwa watu, na mashahidi wangali hai Ngaramtoni, Oldonyo Sambu na Longido. Mwanafunzi atakayekwenda kuwauliza asianze na swali la kama waliamini. Aanze na nauli: walilipa kiasi gani, waliuza nini kuipata, na nani alibaki nyumbani na mifugo. Kisha achague kina chake.